Kabla ya mpira, nunua daftari: namna ya kuendesha programu ya watoto baada ya shule, na kambi ya likizo, mtaani

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam mtoto wa darasa la tatu anatoka shule saa 8 mchana, na mama yake anafunga meza sokoni saa 12 jioni, bado foleni ya daladala. Saa hizo za katikati ndizo tunazozizungumzia hapa. Maelezo haya ni ya kikundi cha kinamama, kamati ya msikiti au kanisa, vijana wa mtaa au walimu wastaafu wanaotaka kukaa na watoto wa shule ya msingi kuanzia mchana hadi jioni, na kuwafanyia kambi ya kutwa shule zikifungwa. Hesabu zote zimepigwa kwa watoto 40. Mwenye watoto 20 agawe kwa mbili. Anayeota watoto 100 aanze na 40, amalize muhula mmoja, ndipo aongeze.

Wengi huanza kwa kutafuta mipira na fulana zenye nembo. Vitu hivyo vinaweza kungoja. Programu haifi kwa kukosa mpira. Inakufa siku mtoto mmoja anapoondoka na mtu asiyestahili kuondoka naye, au siku watoto kumi wanapotapika maharage. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni mlango, maji na sufuria.

Saa na siku

Kabla ya kutafuta jengo, pita nyumba kwa nyumba uulize mambo matatu: mtoto anatoka shule saa ngapi, anakwenda madrasa siku zipi, na saa 10 alasiri nyumbani huwa na nani. Majibu yatakupangia ratiba. Darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wakubwa, na shule zilizojaa zina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Ukifungua saa 8 wakati wadogo wametoka saa 6, watakuwa wameshazurura saa mbili kabla ya kukufikia, na baadhi hawatakufikia kabisa.

Madrasa ndiyo inayowaangusha wasioijua pwani. Ukipanga alasiri za Jumatatu hadi Jumatano bila kuuliza, utapata nusu ya watoto na utaonekana unashindana na ustadhi. Madrasa nyingi hupumzika Alhamisi na Ijumaa, basi siku hizo ni pa kuanzia. Au nenda ukae na ustadhi mwenyewe mgawane saa, na mara nyingi atafurahi kuwa watoto wanamfikia wakiwa wameshakula. Upande wa makanisa, Jumamosi ni siku ya mafundisho ya komunyo na kipaimara, nayo iulizie.

Siku tatu kwa wiki zisizokosa ni bora kuliko siku tano ambazo mbili huahirishwa. Mzazi aliyekuta mlango umefungwa mara mbili hupanga maisha yake upya bila wewe, na hakwambii.

Ratiba inayofaa kwa mchana mmoja: saa 8:00 kuingia, kunawa na kuhesabiwa, 8:30 chakula, 9:00 masomo kwa dakika 50, 9:50 michezo na kazi za mikono, 10:50 usafi, 11:00 hadi 11:30 kuondoka. Usisogeze mwisho huo. Dar jua huzama baada ya saa 12 kidogo tu, na mtoto anayetembea nusu saa anatakiwa awe amefika kabla ya giza.

Ruhusa

Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii, kisha Afisa Elimu Kata. Nenda na karatasi moja: majina ya walezi, mahali, saa, idadi ya watoto, chakula gani, nani anawajibika. Omba nakala yako igongwe muhuri. Ukipokea watoto ambao hawajafika umri wa shule, jambo linabadilika: hicho ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, na kina usajili wake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Usijifiche nyuma ya neno "programu" huku umelaza watoto wa miaka mitatu kwenye mkeka.

Mtu wa tano wa kumwona ni mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Baadhi ya walimu wana tuisheni zao za mchana, na wakisikia habari zako mitaani watakuona umekuja kula sahani yao. Mwambie wazi kuwa hufundishi mada za darasani. Unasaidia kazi za nyumbani na kusoma. Na uishi hivyo hivyo.

Mahali, maji, choo

Ukumbi wa kanisa, madarasa ya shule baada ya vipindi, au uwanja wenye kivuli na chumba kimoja cha kukimbilia mvua ikija vinatosha. Linalotakiwa zaidi ni uzio na mlango mmoja. Mahali penye milango mitatu panahitaji walezi watatu wa kulinda milango tu. Kwa hiyo funga miwili.

Choo: kiwango kinachotumika mashuleni ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa watoto 40 mchanganyiko unahitaji matundu mawili yaliyotengana, la wasichana likiwa na komeo la ndani linalofanya kazi, ndoo yenye kifuniko na pakiti ya taulo za kike mahali ambapo msichana hachukui kwa kuomba. Msichana wa darasa la sita au la saba akikosa hivyo hukaa nyumbani siku nne kila mwezi, na kwenye rejista ataonekana mtoro.

Maji kwa mchana mmoja: lita 40 za kunywa, 14 za uji, zaidi ya 60 za kunawa, na 40 za vyombo. Weka ndoo kumi za lita 20, mbali na maji ya choo. Ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa kwa kipimo cha pakiti na kuachwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Wengi hutia dawa watoto wakiwa tayari kwenye foleni, ambayo ni sawa na kutotia. Tundika vibuyu chirizi vinne. Kimoja kwa watoto 40 kinazaa foleni ya dakika ishirini, na wa mwisho wanaruka kunawa.

Mlango

Kila mtoto ana fomu moja. Iwe na jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa, namba mbili za simu za watu wawili tofauti, maelezo ya njia ya kufika kwao, maana namba za nyumba haziko kila mahali ("nyumba ya bati jekundu nyuma ya mashine ya kusaga") na jina la mjumbe, magonjwa, hasa pumu, kifafa na selimundu, chakula kinachomdhuru, majina ya watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua, na kama yupo, jina la mtu asiyeruhusiwa kabisa. Swali hilo la mwisho mwulize mzazi faragha. Akiwa kwenye foleni na majirani hatasema kuwa baba aliyetengana naye alishawahi kumchukua mtoto kwa nguvu.

Watu hubadilisha laini kila mara. Jumatatu ya kwanza ya mwezi, bipu namba zote 80. Utakuta kadhaa hazipatikani, na ni heri uzikute siku hiyo kuliko siku mtoto ana degedege.

Mpe kila mtoto namba ya kudumu, 1 hadi 40. Wakati wa kuhesabu hawaitwi majina, wanajiita wenyewe: moja, mbili, tatu. Palipo kimya ndipo pana mtoto asiyekuwepo. Inachukua chini ya dakika moja, na watoto hugeuza mchezo wa kasi. Hesabu mara nne: wakiingia, wakimaliza kula, michezo ikiisha, na kabla mlango haujafunguliwa jioni. Makosa hutokea zaidi baada ya michezo, wakati mlezi anahesabu vichwa vinavyokimbia na kusema "wapo wote".

Kuondoka kuna njia tatu tu, na mzazi anachagua moja kwenye fomu.

Ya kwanza: anachukuliwa na mmoja wa wale watatu. Mlezi wa mlangoni anaandika saa, na anayemchukua anatia sahihi au alama ya dole gumba.

Ya pili: anaondoka na msafara. Watoto wa njia moja wanatoka pamoja, mkubwa wao mbele na mwingine nyuma, mlezi mmoja anawavusha barabara kubwa. Msafara hautoki bila kufikisha watoto watatu. Wakibaki wawili, mtu mzima anawasindikiza.

Ya tatu: anaondoka peke yake. Hiyo ni kwa mwenye miaka 10 na zaidi, kwa idhini iliyoandikwa, na kwao pawe karibu.

Tatizo la kila wiki ni dereva wa bodaboda anayefika na kusema "mama kanituma". Pengine ni kweli. Usimpe mtoto. Piga simu namba iliyo kwenye fomu, usipige ile anayokupa dereva. Mama asipopatikana, dereva anasubiri au anaondoka mikono mitupu. Baadhi ya programu huweka neno la siri kati ya mzazi na mlezi, na anayetumwa lazima alijue. Linafanya kazi vizuri mradi mtoto hatamki mbele ya wenzake na mzazi analibadilisha akishalitumia. Dereva atanuna, na mzazi mwenyewe atanuna mara ya kwanza. Acha wanune.

Mtoto aliyechelewa kuchukuliwa anabaki na walezi wawili. Saa 12:00 piga namba ya kwanza, 12:15 ya pili, saa 1:00 mpelekeni kwa mjumbe au mwenyekiti na kuandika. Mlezi hampeleki mtoto kwake peke yake, hata akiwa mama anayeaminika mtaa mzima. Sheria hiyo inamlinda mtoto, na inamlinda mlezi pia.

Walezi

Kambi za mchana za Marekani, kwa viwango vya American Camp Association, huweka mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wenye miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa watoto 10 wa miaka 9 hadi 14. Sisi tuliozoea darasa la watoto 80 tunaona anasa, lakini darasani watoto wamekaa kwenye madawati. Kwenye uwanja, chini ya mlezi mmoja kwa watoto 12 usishuke. Watoto 40 wanataka walezi watano: watatu wa vikundi, mmoja wa mlangoni na huduma ya kwanza, mmoja jikoni, na msaidizi mmoja au wawili. Mpishi usimhesabie watoto. Mwenye sufuria ya moto hana macho mengine.

Wasaidizi wazuri wapo, ukijua kalenda. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, na watakaokwenda kidato cha tano hukaa nyumbani hadi Julai. Miezi hiyo ni yako. Kidato cha sita humaliza Mei, lakini wengi wao huitwa JKT, usiwategemee kwa kambi ya Juni. Kumbuka kijana wa miaka 17 bado ni mtoto kisheria: anasaidia, haachiwi watoto peke yake.

Kabla ya kumpokea mlezi, chukua nakala ya kitambulisho, barua ya mtendaji wa mtaa anakoishi, na majina ya watu wawili wa kumdhamini, mmoja awe aliwahi kufanya naye kazi. Wapigie. Wadhamini wengi hawajawahi kupigiwa simu maishani, na utasikia mengi kwa namna wanavyosita.

Masharti matatu hayana mjadala: hakuna mtu mzima na mtoto peke yao kwenye chumba kilichofungwa; hakuna zawadi, simu wala ujumbe wa siri kwa mtoto mmoja; hakuna fimbo. Kwa hilo la fimbo utapata upinzani hata kwa wazazi ("wewe mchape tu, mimi nimekuruhusu"). Jibu ni moja kwa wote. Mtoto anayesumbua anaonywa kwa jina lake na kosa lake, akirudia anakaa pembeni dakika tano akiwa anaonekana, akirudia tena mzazi anaambiwa jioni hiyo. Kumnyima uji si adhabu.

Sufuria

Watoto wengi hufika hawajala tangu asubuhi, na njaa haina baunsa: usipowalisha kwanza, dakika 50 za masomo zitakuwa za kugombana. Chakula kinakuja kabla ya daftari.

Uji kwa watoto 40: unga kilo 2 (gramu 50 kila mtoto), maji lita 14, sukari gramu 600, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga unga kwenye lita 5 za maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha lita 9 zilizobaki, mimina huku mwingine anakoroga, na ukianza kuchemka upunguzie moto, uchemke dakika 15 hadi 20. Sukari mwishoni, maana ikitangulia huungua chini. Utapata vikombe 40 vya mililita 300 na ziada kidogo. Ipua saa 8:00, gawa vikombeni 8:15, watoto wanywe 8:30. Uji unashika joto kuliko chai, na ajali kubwa ya jikoni ni mtoto kugongana na kikombe kilichomiminwa sasa hivi. Kwa mwezi wa siku 12 hiyo ni unga kilo 24 na sukari kilo 7.2.

Kuhusu unga wa lishe: ule wenye vitu saba, mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na mbegu za maboga, unapendwa sokoni lakini una kasoro. Karanga na soya zina mafuta, huchacha upesi zikisagwa pamoja na nafaka, na usipoichemsha au kuikaanga soya sawasawa kabla ya kusagwa inawajaza watoto gesi. Saga ulezi na mahindi, ongeza karanga za kusaga siku ya kupika kama hakuna mtoto anayedhurika nazo. Mahindi na karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo tupa. Usiwape hata kuku. Sumukuvu haitoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Makande kwa kambi ya kutwa: mahindi yaliyokobolewa kilo 4, maharage kilo 2, mafuta nusu lita, vitunguu kilo moja, nyanya kilo moja na nusu, karoti kilo moja. Loweka usiku, na maji ya kulowekea yamwagwe. Maharage yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kisha yaive mpaka yapondeke kwa vidole. Maharage mabichi nusu, hasa mekundu, hutapisha ndani ya saa chache, na hutokea pale mpishi anapookoa mkaa. Yanayobaki yagawiwe wakati wa kuondoka. Pasipo friji hakuna makande ya kesho.

Stoo iwe na mizani na daftari. Pima unga unapoingia na kila unapotoka. Si kumshuku mpishi. Ni kwamba pasipo mizani, unga ukipungua kila mtu anashukiwa.

Dakika 50 za masomo

Nusu ya kwanza ni kazi za nyumbani, kwa utulivu, kila mtoto na yake. Nusu ya pili ndiyo yenye faida kubwa, na hapo usiwapange watoto kwa darasa. Wapange kwa wanachoweza. Mtoto wa darasa la tano asiyesoma aya akiwekwa na wa la tano wenzake ataendelea kujificha.

Pima mtoto mmoja mmoja, dakika tano, mahali wenzake hawasikii. Mpe silabi 10, akisoma 8 mpe maneno 10, akisoma 8 mpe aya ya sentensi nne, akiimaliza mpe hadithi fupi na maswali mawili. Pale anapokwama ndipo kundi lake. Utapata makundi manne. Rudia kila wiki nne na uhamishe anayevuka.

Kundi la silabi: kata maboksi ya katoni vipande vya sentimita 6 kwa 6, andika ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, na kadhalika. Watoto wanaunganisha: ba-ba, ma-ma, me-za, mi-bu. Kiswahili kinamrahisishia mwalimu, kwa kuwa herufi na sauti zinaenda pamoja. Ugumu upo kwenye sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja: ny, nd, mb, kw, dh, gh, na zaidi ng' ya ng'ombe dhidi ya ng ya ngoma. Zitengee wiki yake, usizichanganye na zile rahisi.

Kundi la maneno na la aya lina ujanja wa kujihadhari nao: kukariri. Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima bila kutazama. Funika sentensi kwa kiganja, acha neno moja katikati, muulize hilo. Akianza kusoma tangu mwanzo wa mstari ili alifikie, amekariri.

Kwa hesabu kusanya visoda 100 na vijiti 200. Vijiti kumi vinafungwa kwa mpira wa bendi kuwa fungu. Mtoto anayeshindwa 42 toa 17 aweke mafungu manne na vijiti viwili, kisha alifungue fungu moja kwa mikono yake. Hapo "kuazima" kunaeleweka, na ubaoni huchukua wiki.

Mzazi atakuja kuomba muongeze masomo, michezo ipunguzwe. Mwonyeshe karatasi ya kupima ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Ukiongeza masomo kwa kumridhisha, ndani ya wiki mbili wakubwa wataanza kutoroka, na ni haohao uliowataka wasizurure.

Michezo

Rede, kombolela, mdako, kuruka kamba, bao na drafti havigharimu kitu na watoto wanavijua kuliko wewe. Gawa wadogo na wakubwa, na uwanja ugawiwe kwa chokaa, la sivyo wavulana wa darasa la sita watauchukua wote kwa mpira. Siku moja kwa wiki wasichana waanze kuchagua.

Mtoto mwenye ualbino anavaa kofia pana na mikono mirefu na anacheza kivulini. Mwenye selimundu anakunywa maji mara kwa mara, hashindanishwi mbio, na akisema mifupa inauma ni hospitali, si kupumzika kwenye mkeka.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe karibu na mlango. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya kutiririka dakika 20, bila dawa ya mswaki wala mafuta. Pua ikitoka damu ainame mbele, abane pua dakika kumi. Mwenye kifafa ageuzwe ubavu, vitu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko mdomoni. Kikizidi dakika tano, gari.

Mtoto akisema jambo

Itatokea. Mtoto ana alama mwilini, au anakataa kwenda nyumbani, au anamwambia mlezi wakati wa kuosha vikombe. Msikilize, usimhoji kama polisi, usiahidi kuwa ni siri. Mwambie utamtafutia msaada. Andika maneno yake yalivyo, tarehe na saa. Siku hiyohiyo mjulishe afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ni ubakaji au ulawiti, hospitali iwe ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU haifanyi kazi baada ya hapo. Mtoto asiogeshwe, na nguo zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono zina daktari, polisi na ustawi mahali pamoja.

Usiite kikao cha familia kumaliza "kindugu". Na usimwendee unayemshuku kumuuliza. Utakuwa umemjulisha kwamba mtoto amesema.

Ada

Jumlisha gharama zote za mwezi: chakula, mkaa au gesi, maji, posho za walezi, sabuni, madaftari, simu. Usigawe kwa 40, gawa kwa 30. Wanane waingie bure, na wawili watachelewa kulipa. Wanaoingia bure wajulikane na watu wawili tu. Mtoto asijue, wala mlezi wa kundi.

Mama lishe na machinga hupata fedha kwa siku. Ukimdai ya mwezi mzima tarehe 1 hatakuwa nayo, lakini ya wiki kila Ijumaa analipa. Pokea kwa simu, toa risiti, bandika mapato na matumizi ukutani kila mwezi. Mtoto asirudishwe njiani kwa ada. Mzazi ndiye anayedaiwa.

Kambi ya likizo

Ifanye ya kutwa, siku tano, saa 2:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Kulaza watoto ni kazi nyingine yenye leseni na hatari nyingine. Mwaka 2023 serikali ilizuia hata shule kuweka bweni watoto wa awali hadi darasa la nne. Juni ni mwezi mzuri, kiangazi na baridi kidogo. Desemba kuna joto, mvua za vuli, na watoto wengi wamepelekwa mkoani kwa bibi, kwa hiyo ukipanga chakula cha 40 utabaki nacho. Andikisha Desemba kwa malipo kidogo ya awali ili ujue idadi ya kweli.

Wapo pia wanaosahaulika: waliomaliza darasa la saba Septemba. Wana miezi mitatu bila shule, na ndio wanaoonekana kijiweni. Wape kazi kwenye kambi ya Desemba, kuongoza vikundi vya wadogo, kuandika, kusimamia mashindano.

Safari iwe moja, siku ya nne, kwa sababu siku ya kwanza hujawajua watoto na ya tano wamechoka. Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kinawatosha asubuhi nzima. Kila mtoto na kiti chake kwenye Coaster. Gari la viti 28 halibebi 40 "kwa kuwa ni wadogo". Namba ya programu iandikwe kwa kalamu mkononi mwa mtoto, ndani ya kiwiko. Jina lake usiandike nje ya nguo, maana mtu baki akimwita kwa jina mtoto hudhani anamfahamu.

Ufukweni wataomba kwenda. Mwaka wa kwanza kataa. Ukija kukubali, mtu mzima anayejua kuogelea mmoja kwa watoto watano, kamba inayoonyesha mwisho wa maji ya magoti, watoto wawili wawili wanaotazamana, filimbi kila dakika kumi na kila jozi inainua mikono. Wanaosimamia hawaogelei wala hawapigi picha.

Siku ya tano wazazi waje saa 8. Wafike wakute watoto wanasoma, wanacheza bao, wanapika. Hotuba moja, dakika tano. Orodha ya kuondoka inasainiwa siku hiyo kama siku nyingine zote, hata mgeni rasmi akiwa bado anakunywa soda, kwa sababu siku ya sherehe mlango huwa wazi na kila mtu anadhani mtoto yuko na mwenzake. Wakishaondoka, pima unga uliobaki, hesabu vikombe, andika majina ya walezi waliochelewa na siku zao, na mpigie simu kila mzazi ambaye mtoto wake aliacha kuja katikati ya wiki.